Weston Price: Alifundisha kupima kivuli cha jino, kivuli kikampoteza

KIBOGOYO anayetaka meno ya kudumu siku hizi halazimiki kubaki na meno ya bandia ya kuvaa asubuhi na kuvua usiku. Ipo njia nyingine, nayo ni kupandikiza vijiti vidogo vya madini ya titani ndani ya mfupa wa taya, kisha kuyafunga meno juu yake. Mkazi wa Maramba, wilayani Mkinga, anayeifikiria njia hiyo ataanza kwa kuteremka Tanga mjini, na huenda akalazimika kuendelea hadi Dar es Salaam. Huko atakakofika, kabla keekee ya daktari haijagusa mfupa wake, atapelekwa kwanza kwenye mashine ya eksirei.

Picha itakayotoka ndiyo itakayoamua urefu wa kijiti na mahali pa kutoboa. Ndani ya taya la chini umo mfereji unaopitisha neva ya mdomo na kidevu. Kijiti kikiufikia, mgonjwa anaweza kubaki na ganzi ya mdomo maisha yake yote. Juu ya taya la juu, jirani na pua, upo uwazi wenye hewa ambao kijiti kirefu kinaweza kuutoboa. Kosa la milimita mbili si dogo mahali kama hapo.

Tatizo ni kwamba picha ya eksirei ni kivuli, na kivuli huongopa. Picha ya taya zima, ile ambayo mashine humzunguka mgonjwa kichwani, hukuza vitu kwa takriban asilimia 20 hadi 30, tena si kwa kiwango kimoja kila mahali. Chukua ukuzaji wa asilimia 25. Mfupa unaoonekana kuwa na kimo cha milimita 15 juu ya mfereji wa neva, kwa kweli una milimita 12. Ukitoa milimita 2 za usalama, kama ilivyo desturi ya madaktari, panabaki nafasi ya kijiti cha milimita 10. Daktari aliyeiamini picha bila kuipima angechagua cha milimita 13, na ncha yake ingeingia ndani ya mfereji.

Swali la namna ya kukifanya kivuli hicho kiseme kweli lina umri wa zaidi ya karne moja. Miongoni mwa watu wa mwanzo kulishughulikia ni Dk. Weston Price, daktari wa meno wa Cleveland, Marekani, ambaye mwaka 1935 aliteremka katika bandari ya Mombasa, safari ya saa chache tu kutoka Maramba kwa njia ya Horohoro na Lungalunga. Leo jina lake hutajwa zaidi katika mijadala ya lishe. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya kuhubiri habari za maziwa na samaki alikuwa mtu wa eksirei, na kwamba mafundisho yake yalichangia Wamarekani wengi kung'olewa meno ambayo pengine hayakuwa na kosa.

Weston Andrew Valleau Price alizaliwa Septemba 6, 1870 katika mji mdogo wa Newburgh, jimbo la Ontario, nchini Kanada. Alihitimu udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1893, akafanya kazi kwa muda mfupi Grand Forks, North Dakota, kisha akahamia Cleveland, Ohio. Huko ndiko alikoishi sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Hakuwa daktari wa kuziba na kung'oa tu. Alipenda ufundi, na miongoni mwa mambo yaliyomtambulisha mapema ni kazi yake juu ya tanuri za kuchomea kauri ya meno na vifaa vya kupimia joto lake. Mtu wa vipimo, kwa maneno mengine. Tabia hiyo yafaa kukumbukwa, kwa sababu mambo yaliyomkuta baadaye hayakumkuta kwa uvivu wa kupima.

Alikuwa na miaka miwili tu kazini pale Profesa Wilhelm Conrad Röntgen, Novemba 8, 1895, alipoigundua mionzi ya eksirei katika mji wa Würzburg, Ujerumani. Habari zake zilienea upesi ajabu. Januari 1896, Mjerumani mwingine, Dk. Otto Walkhoff wa Braunschweig, aliweka kipande cha kioo cha picha kinywani mwake mwenyewe, akalala sakafuni na kuvumilia mionzi kwa dakika 25 ili kupata picha ya magego. Katika mwaka huohuo, Profesa Dayton Miller wa Cleveland, mji aliokuwa akiishi Price, alikuwa tayari akipiga picha za mifupa ya watu. Kule New Orleans, Dk. Edmund Kells alianza kuitumia mashine hiyo katika kazi yake ya kila siku ya meno.

Hakuna aliyejua hatari yake. Kells alikuwa na desturi ya kuweka mkono wake mbele ya bomba la mionzi ili kuhakiki kama limewekwa sawa kabla ya kumpiga mgonjwa picha. Alifanya hivyo kila siku kwa miaka. Saratani ilianzia vidoleni, vidole vikakatwa, kisha mkono, na mwaka 1928 alijitoa uhai. Kwa hiyo wale waliokuwa wakitafuta usahihi wa picha katika miaka ile walikuwa wakiulipia kwa miili yao. Nchini Tanzania leo mashine za mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu, chini ya Sheria Namba 7 ya mwaka 2003.

Mchango wa Price katika fani hiyo ulikuja mwaka 1904, nao ulihusu pembe. Ili picha ya jino iwe na urefu sahihi, filamu inapaswa kukaa sambamba na jino. Kinywani jambo hilo ni gumu, kwa kuwa paa la kinywa limejikunja na filamu hulala mshazari. Mtoto yeyote wa shule wa pwani anafahamu kinachotokea hapo, hata kama hajafundishwa. Kivuli cha mnazi saa kumi na moja jioni ni kirefu kuliko mnazi wenyewe, na saa sita mchana ni kifupi kama kigoda. Daktari akielekeza mionzi wima kwenye jino, kivuli hurefuka. Akiielekeza wima kwenye filamu, kivuli hufupika.

Price alifundisha kwamba mionzi isilenge jino wala filamu, bali ilenge mstari wa kufikirika unaogawa sawasawa pembe iliyo kati ya viwili hivyo. Mionzi ikiupiga mstari huo wima, kivuli hutoka na urefu uleule wa jino. Ni hesabu ya pembetatu tu, lakini kabla yake kila daktari alikuwa akibahatisha. Kells alikuwa na njia nyingine, ya kuiweka filamu sambamba na jino kwa kishikizo, ambayo ndiyo iliyo bora zaidi, ila ilidai vifaa na nguvu ya mashine ambavyo wengi hawakuwa navyo. Kanuni ya kugawa pembe ilitawala kliniki za dunia kwa miongo mingi, na madaktari wa meno bado hufundishwa.

Lakini kanuni hiyo ina sharti moja ambalo halikusumbua mtu mwaka 1904. Inahitaji jino. Daktari hukadiria pembe kwa kuutazama mhimili wa jino, naye akiingia katika kinywa cha kibogoyo hana cha kutazama. Tena mfupa wa taya, ukishapoteza jino, huanza kusinyaa na huendelea kusinyaa kwa miaka. Paa la kinywa huwa bapa na filamu hulala zaidi. Yaani mahali ambapo mpandikizaji wa leo anahitaji kipimo sahihi kuliko pote, ndipo kanuni ya Price inapokosa pa kushika.

Na Price mwenyewe, bila kukusudia, alishiriki kuwaongeza vibogoyo.

Mwaka 1910, daktari wa Uingereza, William Hunter, alitoa hotuba mjini Montreal, Kanada, akidai kwamba usaha uliofichika kinywani, hasa chini ya madaraja na vifuniko vya dhahabu vilivyowekwa ovyo, ndio chanzo cha maradhi mengi ya mwili. Huko Chicago Dk. Frank Billings aliieneza nadharia hiyo miongoni mwa madaktari wa tiba. Ilidaiwa kwamba vijidudu hujificha mahali pamoja, kisha husafiri kwa damu na kuleta baridi yabisi, maradhi ya moyo, ya figo, hata ya akili. Nadharia ilikuwa na chembe ya ukweli ndani yake, maana jipu la jino laweza kweli kueneza maambukizi. Ila ilikuzwa kupita kiasi, mfano wa zile picha zenyewe.

Price aliipokea kwa moyo wote. Kuanzia mwaka 1914 hadi 1928 aliongoza kitengo cha utafiti cha Chama cha Madaktari wa Meno cha Taifa cha Marekani, kwa hiyo neno lake lilikuwa na uzito. Wanaosimulia maisha yake husema pia kwamba mwanawe, Donald, alifariki dunia akiwa kijana kwa maambukizi yaliyofuatia matibabu ya mzizi wa jino. Kama ndivyo, haitakuwa ajabu kwamba alilichukia jino lenye mzizi uliotibiwa kwa chuki iliyopita mipaka ya maabara.

Jaribio lake maarufu lilikuwa hili. Alichukua meno yaliyotibiwa mizizi, yaliyong'olewa kwa wagonjwa, akayapandikiza chini ya ngozi ya sungura. Sungura wakaugua, wengine wakafa. Price akahitimisha kwamba jino lililouawa kiini halifai kubaki kinywani, hata likionekana zima na hata mgonjwa asipolalamika. Mwaka 1923 alichapisha matokeo yake katika majuzuu mawili makubwa juu ya maambukizi ya meno.

Wenzake waliokuja kuyachunguza majaribio hayo waliona kasoro ambazo hazikuwa ndogo. Jino linapong'olewa hupita katika mate na ufizi wenye vijidudu, hivyo kulikuta na vijidudu hakuthibitishi kwamba vilikuwa ndani yake. Kiasi cha vijidudu walichopewa wanyama kilikuwa kikubwa mno kuliko kile kinachoweza kutokea mwilini. Na hapakuwa na ulinganisho wa kutosha na wanyama waliowekewa vitu vingine. Mtu aliyejua kupima joto la tanuri kwa makini hakuyapima majaribio yake mwenyewe kwa makini hayohayo.

Wakati huo, hata hivyo, watu hawakungoja kasoro zijulikane. Kati ya mwaka 1910 na miaka ya 1930, wagonjwa wa baridi yabisi, wa tumbo, wa uchovu usioelezeka, walipelekwa kwa daktari wa meno, wakapigwa eksirei, na palipoonekana doa jeusi kwenye ncha ya mzizi, jino liling'olewa. Wapo walioondolewa yote kwa mpigo. Walirudi nyumbani na baridi yabisi yao ileile, vinywa vitupu.

Eksirei, ambayo Price aliifanya ipime vizuri urefu, haikuwa na uwezo wa kubeba hukumu nzito kiasi hicho. Mfupa wa taya una matundu yake ya asili. Lipo moja karibu na mizizi ya meno ya pembeni ya taya la chini, ambalo neva hutokea kuelekea kwenye mdomo, na kivuli chake kikidondokea kwenye ncha ya mzizi hufanana kabisa na jipu. Kwa upande mwingine, mwaka 1961 watafiti wawili wa Marekani, Bender na Seltzer, walionyesha kwamba uharibifu ulio katika sehemu laini ya ndani ya mfupa unaweza usionekane kabisa katika picha mpaka ganda gumu la nje lianze kuliwa. Kwa hiyo doa lililoonekana halikuwa lazima ugonjwa, na ugonjwa haukuwa lazima uonyeshe doa.

Kells wa New Orleans alilitambua hilo mapema. Mwaka 1920, mikono yake ikiwa tayari imeharibiwa na mionzi, aliwashutumu hadharani madaktari waliokuwa wakiamuru meno yang'olewe kwa sababu ya picha, na kuwataka wenzake wa meno wakatae kutumwa. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba aliyeutoa mkono wake kwa ajili ya eksirei ndiye aliyejua mipaka yake, na sauti yake haikusikika kama ya yule wa Cleveland.

Miaka ya 1920 ilipokwisha, Price aligeuza macho. Badala ya kuuliza ugonjwa unatokea wapi, alianza kuuliza afya inatokea wapi. Mwaka 1931 alikwenda katika mabonde ya ndani ya Uswisi, baadaye visiwa vya Scotland, Alaska, na visiwa vya Pasifiki. Kila alikofika alihesabu meno yaliyooza, akapiga picha za sura, akauliza watu wanakula nini, na kuchukua sampuli za vyakula kwa ajili ya kupimwa Cleveland.

Zamu ya Afrika ilikuwa mwaka 1935. Price aliingia kwa meli kupitia Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, akashuka Mombasa pamoja na mpwawe, mwandishi Willard Price. Kutoka hapo njia yake ilikwenda bara, Nairobi, nchi ya Wamaasai na Wakikuyu, Ukambani, kandokando ya Ziwa Victoria kwa Wajaluo na Wamaragoli, Uganda, mashariki ya Kongo iliyokuwa chini ya Wabelgiji, kisha kaskazini kuufuata mto Naili kupitia Sudan hadi Misri. Ilikuwa safari ya maelfu ya maili, katika barabara za wakati ule.

Matokeo yaliyompa furaha kubwa aliyapata kwa Wamaasai. Katika maboma mbalimbali aliwachunguza watu 88 wenye jumla ya meno 2,516. Meno yaliyooza yalikuwa 10, na yote yalikuwa vinywani mwa watu wanne tu. Hiyo ni asilimia 0.4. Chakula chao kilikuwa maziwa, damu na nyama. Kwa Wakikuyu, wakulima waliotegemea viazi vitamu, mahindi, mtama, maharage na ndizi, alichunguza watu 33 wenye meno 1,041 na kukuta 57 yameoza, yaani asilimia 5.5. Walaji samaki wa ziwani walikaribiana na Wamaasai. Waliosoma katika shule za misheni na kufanya kazi mijini, waliozoea sukari na unga uliokobolewa, hali yao ilikuwa mbaya zaidi.

Jambo moja lilimshangaza, kama linavyowashangaza wageni wengi. Wamaasai, Wajaluo na jamii kadhaa za Naili walikuwa na desturi ya kung'oa meno ya mbele ya taya la chini. Hawa walikuwa na mapengo kwa hiari, kwa sababu za kimila na, kwa mujibu wa maelezo yanayotolewa mara nyingi, ili mgonjwa wa pepopunda aliyekaza meno aweze kunyweshwa. Cleveland walikuwa wakiyang'oa kwa sababu ya doa katika picha.

Njia yake haikuelekea Tanga. Angeshika barabara ya kusini kutoka Mombasa, badala ya reli ya bara, angekuta mfano mkubwa wa kile alichokuwa akikitafuta. Nyanda zilizo chini ya Usambara zilikuwa zimejaa mashamba ya mkonge, na manamba waliotoka mbali, wengi wao wakiwa wameacha maziwa, mboga na nafaka za kwao, walikuwa wakiishi kwa posho ya unga wa mahindi. Badiliko la chakula ambalo Price alilitafuta kwa kulinganisha kabila moja na jingine, hapo lingeonekana ndani ya maisha ya mtu mmoja.

Kitabu chake kikuu juu ya lishe na kudhoofika kwa miili kilitoka mwaka 1939. Madai yake kuhusu sukari na unga mweupe yamesimama vizuri, na hakuna daktari wa meno wa leo atakayebishana naye hapo. Mengine hayakusimama. Aliwatazama watu aliowakuta hai na kuwasifu kwa afya yao, bila kuwahesabu watoto waliokwisha kufa kwa malaria na surua kabla hajafika. Aliwaita watu wa zamani wasioguswa na ustaarabu, kama ilivyokuwa kawaida ya vitabu vya wakati huo, ilhali walikuwa raia wa koloni, waliolipa kodi ya kichwa na waliokuwa wamenyang'anywa malisho. Alikaa siku chache mahali, akaondoka na hitimisho la karne. Hata hivyo, tarakimu zake ni za thamani kwa historia ya meno ya Afrika Mashariki, kwa kuwa wachache sana walihesabu kabla yake.

Alipokuwa akiandika kitabu hicho, nadharia iliyompa sifa mwanzoni ilikuwa ikibomoka. Mwaka 1938, madaktari Russell Cecil na Murray Angevine wa Marekani waliwafuatilia wagonjwa 200 wa baridi yabisi, wakaona kuwa kuwang'oa meno na kuwakata matonsili hakukuwaponya. Cecil alikuwa zamani mmoja wa waumini wa nadharia hiyo, jambo lililoongeza uzito wa ushahidi wake. Miaka miwili baadaye ulitoka uchambuzi mwingine mkali katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani. Taratibu, matibabu ya mizizi yakarudi katika vyuo, na jino lenye kiini kilichokufa likapata tena haki ya kubaki kinywani.

Price aliaga dunia Januari 23, 1948, California, akiwa na umri wa miaka 77. Hakuiona picha ya taya zima, ambayo Yrjö Paatero wa Finland aliikamilisha katika miaka iliyofuata. Wala hakumwona sungura mwingine, aliyebadilisha hatima ya vibogoyo. Mwaka 1952, mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alipandikiza kifaa cha titani katika mfupa wa sungura ili kuchunguza mzunguko wa damu, na alipotaka kukitoa akakuta kimeshikana na mfupa kiasi cha kutong'oka. Mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa wa kwanza asiye na meno katika taya la chini. Sungura wa Price walitumika kuthibitisha kwamba jino liondoke. Wa Brånemark alionyesha namna ya kulirudisha.

Kurudisha huko ndiko kulikolifufua swali la mwaka 1904. Picha bapa, hata ikiwa na pembe sahihi, haionyeshi unene wa mfupa kutoka upande wa ulimi hadi upande wa shavu. Taya la kibogoyo linaweza kuonekana lina kimo cha kutosha, kumbe ni jembamba kama makali ya panga. Jibu lilianza kupatikana kwa mashine ya kukata picha vipande vipande, iliyovumbuliwa na Mwingereza Godfrey Hounsfield na kutumiwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971. Mwaka 1998 watafiti wa Italia walitangaza mashine ndogo ya aina hiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya meno, inayotumia mionzi yenye umbo la pia na kutoa picha ya pande zote tatu kwa mzunguko mmoja. Mionzi yake ni midogo kuliko ya mashine kubwa za hospitali, ingawa ni mingi kuliko ya picha ya kawaida ya jino, na ndiyo maana haipaswi kupigwa kwa kila mgonjwa wa jino moja.

Hata hiyo ina kikomo. Vipimo vyake vya mfupa hukosea kwa sehemu ya milimita tu, lakini safari ya kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye taya huongeza makosa mengine. Tafiti zilizolinganisha mpango na matokeo, pale daktari alipotumia kiongozi maalumu cha kuelekeza keekee, zimeonyesha kwamba kijiti huishia kando ya mahali palipokusudiwa kwa wastani wa takriban milimita 1 hadi 1.5, na mara chache zaidi ya hapo. Kwa kibogoyo ugumu ni mkubwa, kwa kuwa kiongozi hicho hakina jino la kujishikiza. Hukaa juu ya ufizi, na ufizi hubonyea.

Kwa hiyo mgonjwa wa namna hiyo huambiwa asiyatupe meno yake ya bandia ya zamani. Fundi huyatoboa matundu madogo na kuyajaza dawa inayoonekana katika eksirei, au huweka ndani yake vigololi vyenye kipimo kinachojulikana. Mgonjwa huyavaa, huuma, na kutulia ndani ya mashine. Kisha meno hayo huvuliwa na kupigwa picha tena yakiwa peke yake mezani, na kompyuta huzipachika picha hizo mbili moja juu ya nyingine kwa kufuata alama zile. Hapo ndipo daktari anapopata mhimili wa kupimia, katika kinywa kisicho na jino hata moja.